KITABU CHA PILI: KISOMO NA VITABU VYA KISWAHILI KATIKA AFRIKA YA MASHARIKI

Katika Kiswahili cha kale cha pwani ya kaskazini, neno chuo lilikuwa na maana mbili ambazo siku hizi zimeachana. Lilikuwa jina la kitabu, na papo hapo lilikuwa jina la mahali ambapo watoto walifundishwa kusoma. Utenzi maarufu wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani na ambao tarehe yake huhesabiwa kuwa mwaka 1728, ulijulikana pia kama Chuo cha Herekali. Na mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu kuanza Kurani alikuwa ametiwa chuoni. Aliyekwenda chuoni, kwa hiyo, alikwenda penye kitabu. Baadaye maana ya kwanza ilififia. Kitabu, neno lililopokewa kutoka Kiarabu, likatwaa mahali pake, na chuo kikabakia kuwa jengo lenye walimu, madawati na vyeti.

Mabadiliko ya maana ya neno moja si ushahidi wa historia nzima, lakini yanatoa picha ya jambo lililotokea kweli katika Afrika ya Mashariki kwa muda wa miaka mia na hamsini hivi. Kazi ya kufundisha watu kusoma na kazi ya kuwapatia cha kusoma zilitengana. Ya kwanza ilipata fedha, sheria, kampeni na hotuba. Ya pili ilipata mabaki. Kitabu cha kwanza, yaani kile kinachomfundisha mtu ba, be, bi, bo, bu, aghalabu hakikukosa mfadhili hata katika miaka ya dhiki. Kitabu cha pili, kile ambacho mtu angekisoma kwa hiari yake baada ya kufuzu, mara nyingi hakikuwako, au kilikuwako katika lugha asiyoijua, au kilikuwa mjini ilhali msomaji alikuwa shamba. Hata istilahi ya elimu ilikuja kulitia muhuri jambo hili. Vitabu viligawanywa kuwa vya kiada na vya ziada. Na ziada, kama kila msemaji wa Kiswahili ajuavyo, ni kitu ambacho mtu aweza kuishi bila ya kuwa nacho.

Yafaa kuanza na wasomaji wa pwani, kwa kuwa ndio waliosahauliwa kwanza. Zamani kabla ya kuja kwa shule za wamisheni, watu wa Pate, Lamu, Mombasa na Unguja walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua za biashara, mikataba, nasaba, dawa, na zaidi ya yote mashairi na tenzi. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono, na kila nakala ilikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Haifai kuitukuza hali hiyo kupita kiasi. Wasomaji walikuwa wachache. Mtumwa na maskini hawakufikiwa sana, na herufi zenyewe, zilizobuniwa kwa sauti za lugha nyingine, zilimlazimu msomaji kujua nusu ya neno kabla ya kulisoma. Lakini ndani ya duara hilo dogo kusoma na kuwa na cha kusoma vilikwenda pamoja. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa wasia yapata mwaka 1858, alikuwa akimwandikia mtu ambaye angeweza kuushika utenzi huo mkononi, na nakala zake zilienea katika nyumba za wanawake wa Lamu bila ya msaada wa serikali wala mtambo wa kupigia chapa.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mtambo wa chapa wa misheni yake ukaanza kutoa karatasi za Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Faida za herufi hizo zilikuwa dhahiri. Irabu tano zilipata alama tano, na mtoto aliyeokolewa katika jahazi la watumwa aliweza kujifunza kusoma kwa miezi badala ya miaka. Aliyeisoma sana kazi ya Steere, hata hivyo, alikuwa Mwingereza aliyetaka kujifunza Kiswahili. Mkusanyo wake wa hadithi za Unguja, uliochapishwa London mwaka 1870, ulikuwa na Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Hadithi zilitolewa katika vinywa vya watu wa Unguja zikapelekwa mahali ambapo watu wa Unguja wasingeweza kuzinunua. Mtindo huo ulidumu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi mwenye khati nzuri kuliko wote wa zama zake, alitumia miaka mingi kunakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Bila ya kazi hiyo mengi yangepotea, na shukrani zinawastahili wote waliohusika. Lakini nakala zilikwenda London na Ujerumani, na kwa vizazi kadhaa mtu wa Lamu aliyetaka kuona maandishi ya babu zake alihitaji barua ya kumtambulisha na nauli ya kuvuka bahari.

Herufi za Kirumi ziliposhinda katika ofisi na shule, jambo jingine lilitokea ambalo halikutajwa sana katika taarifa za elimu. Mtu aliyejua kusoma kwa herufi za Kiarabu tu aliacha kuhesabiwa kuwa anajua kusoma. Aliweza kuandika barua kutoka Mombasa, akajibiwa kutoka Barawa au Maskati, na hata hivyo katika daftari la serikali akawekwa upande wa wajinga. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alijaribu kupambana na hali hiyo alipoanzisha gazeti dogo la Sahifa mwaka 1930 na kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome mambo ya dunia ya leo bila ya kuyatupa maandishi yao. Magazeti hayo hayakudumu. Yalikosa kile ambacho magazeti ya serikali na ya misheni yalikuwa nacho, yaani shule zinazomtolea gazeti wasomaji wapya kila mwaka.

Neno hilo mjinga nalo lina historia yake. Katika kamusi za kwanza liliandikwa kuwa jina la mgeni aliyetoka bara, ambaye bado hajazijua desturi za mji. Ujinga ulikuwa hali ya kipindi tu, ambayo hupona kwa kukaa. Karne ya ishirini ililigeuza. Kutojua herufi ndiko kukawa ujinga, na kuzifundisha kukawa kufuta ujinga, msemo ambao ulitumika katika mabango na hotuba za nchi zote za Afrika ya Mashariki bila ya wengi kuona kwamba unamtukana yule anayealikwa. Neno ngumbaru, au gumbaru kama lilivyozoeleka Kenya, lililotumiwa kwa mtu mzima anayejifunza kusoma, lilikuwa na dharau kama hiyo, ijapokuwa wenyewe walilipokea kwa kicheko na baadaye wakalizoea.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 chini ya Frederick Johnson, ni mambo yaliyokwisha kuandikwa sana, hasa kwa upande wa ubishi juu ya usanifishaji. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala waliyapima kwa ukali unaostahili katika kitabu chao cha historia ya Kiswahili cha mwaka 1977. Kwa habari ya vitabu, jambo moja latosha kuongezwa. Tahajia moja kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilifanya iwezekane kwa mara ya kwanza kupiga chapa kitabu kimoja kwa soko la nchi nne. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini ni vitabu gani vilivyopigwa chapa? Mwaka 1929 vilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, tafsiri za riwaya ambazo vijana wa Uingereza walizipenda. Mwaka 1940 ikaja tafsiri ya Elisi katika Nchi ya Ajabu. Lugha yao si mbaya, na wazee wengi waliozisoma shuleni walizikumbuka kwa furaha. Ila kitabu cha pili cha msomaji wa Kiswahili kikawa kitabu cha kwanza cha mtoto wa Kiingereza. James Mbotela, ambaye Uhuru wa Watumwa wake ulitoka mwaka 1934, alibaki takriban peke yake kwa muda mrefu kama Mwafrika wa Kenya aliyechapishiwa kitabu cha masimulizi kwa Kiswahili.

Kilichosomwa kwa hakika katika miaka hiyo kilikuwa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali, lenye maonyo ya serikali. Lakini wahariri wake waliacha mlango mmoja wazi: kurasa za mashairi na barua. Humo karani wa Tanga alijibizana na mwalimu wa Lindi, na Shaaban Robert akajulikana kwa wasomaji kabla ya kuwa na kitabu chochote. Kwa mtu aliyetoka katika darasa la kusoma, ukurasa ule ulikuwa na thamani kuliko riwaya ya hazina, maana aliweza kuujibu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili lilifanyika jaribio ambalo, pamoja na kasoro zake, lilikaribia kuliko yote kuunganisha tena kusoma na vitabu. Askari walikuwa wamerudi kutoka Burma na Ethiopia, wengi wao wamejifunza kusoma jeshini. Elspeth Huxley aliombwa kuchunguza haja ya vitabu kwa Waafrika, akapendekeza pawe na shirika moja kwa nchi zote. Na mwaka 1948 East African Literature Bureau ikafunguliwa Nairobi chini ya Charles Richards, aliyekuwa amefanya kazi ya vitabu vya misheni Nairobi tangu miaka ya 1930. Shirika hilo lilipewa kazi ambazo kwa kawaida hugawanywa kwa watu wanne. Lilitafuta waandishi na kusahihisha miswada yao. Lilichapisha, kwa jina la Eagle Press miongoni mwa mengine, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za eneo hili. Lilitoa gazeti la Tazama. Tena likaendesha maktaba.

Kazi hii ya mwisho ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Shirika halikungojea kujenga nyumba za maktaba. Lilijaza masanduku ya vitabu likayapeleka katika shule, kumbi za mitaa na vituo vya kazi, mahali ambapo palikuwa na mtu wa kuyatunza, na baada ya muda sanduku lilibadilishwa kwa jingine. Aliyekaa mbali zaidi aliweza kuazima kwa posta. Mpango ulikuwa wa gharama ndogo, na ulikuwa na sifa ambayo maktaba za majengo hazikuwa nayo: ulimwonyesha mchapishaji kile ambacho watu walisoma. Sanduku lilirudi na daftari lake. Kitabu kilichochakaa kilikuwa kimesomwa, na kilichorudi kikiwa kipya kilikuwa kimeshindwa; na ofisi iliyopokea habari hiyo ndiyo iliyoamua kitabu gani kipigwe chapa mwaka unaofuata. Mpiga chapa na mkutubi walikaa nyumba moja.

Tofauti na maktaba zilizokuwako ilikuwa kubwa. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903, lakini Nairobi ilikuwa na Maktaba ya McMillan, jengo la nguzo za mawe lililofunguliwa mwaka 1931 na ambalo kwa zaidi ya robo karne liliwahudumia Wazungu peke yao. Mwafrika aliyejua kusoma aliweza kufagia ngazi zake tu.

Lakini shirika lilikuwa la serikali ya kikoloni, na hilo lilionekana katika orodha ya vitabu. Kilimo bora, afya ya mtoto, desturi za kabila hili na lile, maisha ya machifu: hayo yalichapishwa bila ya shida. Siasa haikuchapishwa. Mwaka 1952 serikali ilipotangaza hali ya hatari Kenya, magazeti ya Kikuyu yalipigwa marufuku na Gakaara wa Wanjau, aliyekuwa akiandika na kuchapisha vijitabu kwa lugha yake mwenyewe, akatiwa kizuizini. Watu walikuwa wameanza kujitafutia kitabu cha pili, wakanyang'anywa. Ni haki kuyaweka mambo haya mawili pamoja, maana masanduku ya vitabu yaliyozunguka katika miaka hiyo yalizunguka katika nchi ambamo kusoma kitu kisicho katika sanduku kulikuwa hatari.

Kwa upande wa fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, shirika liliacha hazina. Katika mfululizo wa Johari za Kiswahili tenzi za kale zilipatikana kwa bei ya mwalimu wa shule ya msingi. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, ambayo misheni ya Magila ilianza kuichapa kwa sehemu katika miaka ya 1890, ilitolewa tena mwaka 1962 katika kitabu kimoja. Maandishi ya Waswahili yalirudi mikononi mwa wasomaji wa Kiswahili.

Muungano huo wa kazi ulivunjika kwa nia njema. Mwaka 1960 S. W. Hockey, mkutubi wa shirika, aliandika taarifa iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya maktaba za umma. Tanganyika ilipitisha sheria yake mwaka 1963, Uganda 1964 na Kenya 1965. Nchi huru ilistahili maktaba ya taifa, na hakuna aliyeweza kupinga. Dar es Salaam ilipata jengo zuri lililofunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ila kuanzia hapo mkutubi alikuwa na bodi yake na mchapishaji ana yake. Daftari la sanduku halikurudi tena kwa mhariri. Shirika lenyewe liliendelea kuchapisha hadi Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na upande wa Kenya ukawa Kenya Literature Bureau, ambayo sheria ya mwaka 1980 iliipa hadhi yake. Nguvu zake nyingi zikaelekea katika vitabu vya shule, kama zilivyoelekea nguvu za wachapishaji wengine wote waliotaka kuendelea kuishi.

Tanzania ndiyo iliyolijaribu jambo hili kwa ukubwa usio na mfano wake katika eneo hili. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima hawakujua kusoma. Mradi uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeanza mwaka 1968 katika mikoa ya ziwani, makao yake Mwanza, na ukatoa vitabu vya kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alijifunza herufi katika maneno ya pamba, mvuvi katika ya uvuvi, mwenye migomba katika ya ndizi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Ukerewe, Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro na Dar es Salaam zikachaguliwa kutangulia. Kisha chama cha TANU kikaamua kwamba kufikia mwisho wa 1975 nchi nzima iwe imekwisha kusoma. Walimu wengi walikuwa watu wa kujitolea, waliopewa shilingi 30 kwa mwezi. Mtihani wa taifa ulifanywa Agosti 1975, na asilimia ya wasiojua kusoma ikasemwa kuwa imeshuka hadi 39. Katika muda wa miaka minane tu, jambo hilo lilikuwa la ajabu, hata kama mtu atataka kuipunguza tarakimu hiyo kidogo kwa sababu ya shauku ya wahesabuji.

Sifa ya kampeni ya Tanzania, ambayo wengi walioisifu kwa tarakimu hawakuiona, ni kwamba waliopanga mitihani yake waliifikiria siku ya baada ya mtihani. Daraja la nne halikupatikana kwa kusoma sentensi ubaoni. Mtu alitakiwa aweze kusoma gazeti ili ajue mambo, asome maelezo ya kazi na kuyafuata, na aweke hesabu zake. Maktaba zilianzishwa katika vijiji na kata. Gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianza kutolewa mwaka 1974 kwa wasomaji wapya wa mikoa ya ziwani, kwa herufi kubwa na habari za karibu. Kampeni za redio ziliandamana na vijitabu. Ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Redio ilisema, kitabu kikasomwa kwa sauti na aliyejua, kikundi kikajadiliana, na kesho yake watu wakachimba vyoo. Kitabu cha pili, hapo, kilikuwa kitabu cha kazi, chenye matokeo ambayo mtu aliweza kuyaona kwa macho nyuma ya nyumba yake.

Tena lugha ilikuwa moja. Jambo hilo latajwa mara nyingi kama sababu ya kisiasa, nalo ni kweli. Lakini kwa mpiga chapa lilikuwa sababu ya hesabu. Kijitabu kimoja kiliweza kutumika kutoka Tanga hadi Kigoma.

Kilichoiangusha kazi hiyo hakikuwa uvivu wa wasomaji. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikwisha, na karatasi ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyoagizwa kwa fedha hizo. Maktaba za vijijini zikabaki na vitabu vilevile vya mwaka wa kwanza. Msomaji aliyekwisha kukisoma kijitabu cha kilimo cha mahindi mara tatu hakuwa na sababu ya kurudi mara ya nne. Taarifa rasmi ziliendelea kuonyesha asilimia ikishuka hadi katikati ya miaka ya 1980, kisha ikaanza kupanda tena, na waliokuwa wamefuzu wakawa miongoni mwa waliosahau.

Kenya ilianza baadaye na kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1978 Rais Moi alitoa wito wa kufuta ujinga, na mwaka 1979 Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa. Mwaka huo wa kwanza walijiandikisha watu wapatao 415,000, wanawake wakiwa wengi mno kuliko wanaume. Mafunzo yalianzwa kwa lugha ya mama, na hoja ya ualimu iliyounga mkono uamuzi huo ni madhubuti: mtu mzima hujifunza herufi upesi katika lugha anayoiota. Lakini hoja ya ualimu haikuulizwa swali la mchapishaji. Katika lugha kadhaa kitabu cha kwanza kilipokwisha, kilichobaki kusomwa kilikuwa Biblia au sehemu zake, na baadhi ya lugha hazikuwa hata na hiyo kamili. Kiswahili kingaliweza kuwa daraja la pili, kwa kuwa wengi walikielewa kwa masikio. Ila vitabu vya Kiswahili kwa wasomaji wapya wa Kenya vilikuwa vichache, na gazeti la Baraza, lililokuwa likisomwa tangu 1939, likafikia mwisho wake mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu na wakati uleule ambapo wasomaji wapya walianza kutayarishwa. Idadi ya waliojiandikisha ikapungua mwaka hata mwaka. Wengi walilaumu uchovu wa wanafunzi na udogo wa mshahara wa walimu. Ni wachache waliouliza kama darasa lilikuwa na kitu cha kumpa mtu aliyelimaliza.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na ukazaa soko la vitabu ambalo Richards hangeliota. Riwaya na tamthilia za Kiswahili ziliuzwa kwa maelfu mengi kila zilipoteuliwa kuwa vitabu vya mtihani. Ni faida kwa waandishi, na bila ya uteuzi huo baadhi ya kazi bora za miongo hiyo zisingalichapishwa kamwe. Lakini soko la mtihani lina kalenda yake. Kitabu hununuliwa Januari, husomwa kwa ajili ya maswali, na huuzwa barabarani kwa mitumba baada ya Novemba. Msomaji hufundishwa, bila ya mtu yeyote kukusudia, kwamba kusoma kuna mwisho na mwisho wake ni cheti. Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ikaviweka vitabu nchini Kenya chini ya kodi ya asilimia 16, kama bidhaa nyingine yoyote.

Majaribio mawili ya baadaye yaliirudia njia ya sanduku. Mradi wa Vitabu vya Watoto wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji ununuzi wa nakala 3,000 katika kila nakala 5,000 za kitabu cha Kiswahili kilichokubaliwa, ukazipeleka shuleni, na kumwachia zilizobaki auze. Kwa njia hiyo waandishi wengi wa watoto walipata kuchapishwa katika lugha ambayo wafanyabiashara walidhani haina wanunuzi. Nako Garissa, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kutumia ngamia: mmoja akibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, wakifuata watu wanaohama na mifugo yao. Wageni wengi walipiga picha za ngamia. Mambo ya maana zaidi yalikuwa katika daftari la kuazima, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1950.

Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa kisomo cha watu wazima ambao haukuridhika na kuuliza mtu kama anajua kusoma, bali ulimpa cha kusoma. Matokeo yake yalionyesha kwamba asilimia 61.5 walifikia kiwango cha chini cha kisomo. Waliofikia kiwango kinachotakiwa, yaani cha kuweza kuyatumia maandishi katika maisha yao, walikuwa asilimia 29.6. Kati ya tarakimu hizo mbili wamo karibu theluthi moja ya watu wazima wa nchi: watu waliokwisha kukaa darasani, wakahesabiwa kuwa wamesoma, na ambao kwa wengi wao kitabu kilichowafundisha herufi ndicho kitabu cha mwisho walichopewa.